Pakiti zinapokwama bila kosa kuandikwa: uzi wa draiva ya virtio-net ndani ya kerneli

#1 Mzizi (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, naufungua uzi huu ili kueleza tatizo lililonisumbua kwa majuma matatu, kwa kuwa nimebaini kwamba wengi wanaoandika draiva za mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta halisi) hukutana nalo, na baadhi yao hulitibu kwa kuwasha mashine upya badala ya kulielewa. Ninaijenga kerneli ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwa ajili ya kujifunza. Draiva yake ya kwanza ya mtandao ni ya virtio-net, yaani kadi ya mtandao isiyo na chuma wala waya, ambayo mfumo mgeni (ule unaoendeshwa ndani ya mashine pepe) huiona kwenye PCI, njia ya kuunganishia vifaa, ikiwa na namba ya mtengenezaji 0x1AF4, na namba ya kifaa 0x1000 kwa kadi ya mtindo wa mpito au 0x1041 kwa ile ya kisasa.

Dalili ni hizi. Mashine pepe hupokea na kutuma vizuri kwa dakika arobaini, pengine saa mbili, kisha upokeaji husimama ghafla. Hakuna ujumbe wa kosa, kerneli haianguki, na kutuma bado kunawezekana: ombi la ARP (la kuuliza anwani ya kadi ya jirani) linatoka, jibu linafika hadi kwa mwenyeji, yaani kompyuta halisi inayobeba mashine pepe, ila draiva yangu hailioni. Mzigo ukiwa mkubwa, tatizo huwahi zaidi. Nikiongeza mistari ya kuchapisha ujumbe ndani ya kazi ya kupokea, linatoweka kabisa, na yeyote aliyewahi kuishi ndani ya kerneli atajua mara moja kwamba hapo kuna pande mbili zinazokimbizana.

Kwa wale ambao hawajaizoea virtio, nieleze kwa ufupi. KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, iliingia katika Linux toleo la 2.6.20 mwezi Februari 2007, na mwanzoni mashine pepe zake zilitegemea kadi za kuigizwa, kama vile e1000 ya Intel. Mgeni anapogusa rejista ya kadi ya namna hiyo, prosesa huisimamisha mashine pepe, humpisha mwenyeji asome kilichotokea na kuigiza tabia ya chuma halisi, kisha huirejesha mashine pepe pale ilipoachia. Safari moja hugharimu maelfu ya mizunguko ya prosesa, na pakiti ni nyingi. Rusty Russell, mmoja wa waandishi wa kerneli ya Linux, alikuja na virtio, iliyoingia Linux 2.6.24 mwezi Januari 2008, kwa hoja nyepesi kwamba mgeni anajua fika kuwa yumo ndani ya mashine pepe, hivyo hakuna haja ya kuigizana. Pande hizo mbili zigawane eneo la kumbukumbu, ziandikiane humo, na zigutuane pale tu inapolazimu. Baadaye shirika la viwango la OASIS lilichapisha vipimo vya virtio, toleo la 1.0.

Eneo hilo la pamoja huitwa foleni, nayo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni jedwali la deskripta, yaani maelezo mafupi ya kila bafa (eneo la kumbukumbu la kuwekea pakiti), kila moja ikiwa na baiti 16: anwani ya bafa baiti 8, urefu baiti 4, bendera baiti 2, na namba ya deskripta inayofuata baiti 2. Ya pili ni duara ambamo mgeni huandika namba za deskripta anazozitoa kwa mwenyeji. Ya tatu ni duara ambamo mwenyeji huandika namba za deskripta alizomaliza nazo. Kila duara lina kihesabu cha biti 16 ambacho huongezeka tu bila kurudishwa, hadi kinapofika 65535 na kuanza tena sifuri. Katika kupokea, mgeni hutoa bafa tupu na mwenyeji huzijaza.

Naomba mawazo yenu kabla sijasema ninashuku nini.

#2 Kokotoo

Ndugu Mzizi, kwanza niulize kwa nini hukuanza na e1000, ambayo hata vitabu vya kufundishia huipendelea. Nayo pia ina maduara ya deskripta za baiti 16 ndani ya kumbukumbu, kwa hiyo tofauti unayoisema si kubwa kama ulivyoichora. Pili, kabla ya kubahatisha, iache mashine ikwame, kisha uiunganishe QEMU (programu inayoendesha mashine pepe) na GDB (chombo cha kuchunguza programu ikiwa kazini) kwa chaguo la -s, ambalo hufungua mlango wa 1234, na usome namba mbili: kihesabu cha duara la vilivyomalizwa kama mwenyeji alivyokiandika, na namba ya mwisho ambayo draiva yako inadhani imeishughulikia. Namba hizo zitakuambia zaidi kuliko sisi sote.

#3 Mzizi

Nakubali sahihisho lako kuhusu e1000. Maduara yapo pande zote mbili, na gharama inatokana na rejista zinazoguswa pembeni ya maduara hayo: kusoma chanzo cha katizo (ishara ya kifaa ya kuigutua prosesa), kuzima katizo, kuliwasha tena, kusogeza mkia wa duara. Kila mguso ni safari. Katika virtio mambo mengi kati ya hayo huandikwa kwenye kumbukumbu ya kawaida, na safari pekee inayobaki ni ile ya kumgutua mwenyeji, nayo pia inaweza kuahirishwa.

Namba nimezisoma. Mwenyeji ameandika 41207. Draiva yangu imeishia 40951. Tofauti ni 256, na foleni yangu ya kupokea ina nafasi 256 kamili.

#4 Bafa Tupu

Tofauti hiyo imeshatoa jibu. Mwenyeji alijaza bafa zako zote hadi ya mwisho, akakosa nyingine, akaanza kuzitupa pakiti. Wewe ulikuwa umelala ukisubiri katizo ambalo halikuja. Mwenyeji hakukosea, kwani aliamini kwamba hutaki kugutuliwa. Je, katika makubaliano ya sifa, ambapo draiva na kifaa huchagua uwezo watakaoutumia, mlikubaliana biti ya 29, yaani EVENT_IDX?

#5 Mzizi

Ndiyo, tuliikubali, na hapo ndipo kiini chote kilipo. Naomba mnivumilie nikieleze taratibu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilihitaji karatasi na kalamu kukielewa.

Draiva nzuri haitaki katizo kwa kila pakiti. Linux hutumia utaratibu wa NAPI, nami nimeuiga: katizo la kwanza likija, draiva huzima makatizo, hupanga kazi ya kukagua foleni, na kazi hiyo huchukua pakiti zisizozidi 64 kwa zamu moja. Foleni ikiisha kabla ya zamu kwisha, draiva huwasha makatizo na kulala. Chini ya mzigo mzito, makatizo karibu yanatoweka na prosesa hutumika kubeba pakiti.

Virtio inatoa njia mbili za kusema usinigutue. Njia ya zamani ni bendera moja ambayo mgeni huisimika au kuiondoa. Njia ya EVENT_IDX ni ya werevu zaidi, kwani mgeni huandika namba inayomwambia mwenyeji: nigutue utakapoipita namba hii. Mwenyeji akitoka kihesabu cha kale kwenda kipya, hugutua iwapo tu namba hiyo iko kati ya viwili hivyo, cha kale kikiwemo na kipya kisiwemo.

Sasa angalieni kilichonipata. Draiva imefika 40951, inaangalia kihesabu cha mwenyeji, inakikuta 40951, inahitimisha kwamba foleni ni tupu. Katika nukta hiyohiyo pakiti inaingia. Mwenyeji anapandisha kihesabu hadi 40952, anasoma namba yangu ya kugutuliwa, anakuta ile ya zamani, tuseme 40900, ambayo ameshaipita kitambo, basi ananyamaza. Ndipo mimi naandika 40951 na kulala. Pakiti inayofuata inamtoa mwenyeji 40952 hadi 40953, na namba yangu haiko kati ya hizo mbili. Ananyamaza tena. Ili aipite tena namba 40951 ingebidi azunguke 65536 nzima, lakini bafa zilizobaki mkononi mwake ni 255 tu, na mwenye kumwongezea nyingine ndiye mimi niliyelala.

Kwa njia ya bendera, kosa hilohilo lingeonekana kama ucheleweshaji tu, kwa sababu pakiti ya pili ingemkuta mwenyeji akiiona bendera imeondolewa na angegutua. Sifa iliyokusudiwa kuharakisha mambo ndiyo iliyogeuza ucheleweshaji mdogo kuwa kifo. Nadhani ndiyo maana draiva nyingi za kujifunzia zinaonekana kuwa sawa: hazijawahi kuikubali biti ya 29, na udhaifu wao hujificha nyuma ya marudio ya TCP.

Tiba inajulikana. Baada ya kuandika namba ya kugutuliwa, draiva ikague kihesabu cha mwenyeji kwa mara nyingine, na kikiwa kimesogea, ifute usingizi na kurudi kazini. Nilifanya hivyo. Badala ya kukwama kila baada ya saa moja, mashine ikawa inakwama mara moja kwa usiku. Hilo liliniumiza zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimeshatangaza nyumbani kwamba nimemaliza.

Kosa lililobaki ni la mpangilio wa kumbukumbu. Nimeandika namba, kisha nimesoma kihesabu, lakini prosesa haijanihakikishia kwamba andiko langu limeonekana kwa wengine kabla ya usomaji wangu kufanyika. Prosesa za x86 (za Intel na AMD) huheshimu mpangilio wa maandishi kwa maandishi na wa masomo kwa masomo, ila zinaruhusu usomaji kutangulia andiko lililo mbele yake likiwa bado limo ndani ya bafa ya maandishi ya prosesa. Hapa ndipo mahali pamoja ambapo hata x86 huhitaji kizuizi kamili cha kumbukumbu, yaani amri inayolazimisha andiko lionekane kabla ya usomaji unaofuata, na Linux hukiweka kwa amri ya kujumlisha sifuri iliyofungiwa kufuli la basi. Mwenyeji naye ana wajibu uleule upande wake: apandishe kihesabu, aweke kizuizi kamili, ndipo asome namba ya mgeni. Kila upande huandika kwanza kisha husoma, na vizuizi vikiwapo pande zote mbili haiwezekani wote wawili wakosane. Angalau mmoja ataliona andiko la mwenzake.

#6 Mwanagenzi

Wakuu, samahani kwa kuuingilia uzi kwa swali dogo. Draiva yangu inapokea pakiti, lakini kila fremu ya Ethernet inaonekana imesogea kwa baiti mbili, na baiti hizo mbili zina thamani ya 1 na 0. Nimezikata kwa mkono na kila kitu kinafanya kazi. Je, nimefanya vibaya?

#7 Bafa Tupu

Umetibu dalili, ndugu. Kila pakiti hutanguliwa na kichwa cha virtio. Katika mtindo wa zamani kichwa hicho kina baiti 10, isipokuwa mkikubaliana biti ya 15 ya bafa za kuunganishwa, ambapo huongezeka baiti mbili za kutaja idadi ya bafa zilizobeba pakiti. Ile 1 unayoiona ndiyo idadi hiyo. Katika mtindo wa kisasa, yaani mkikubaliana biti ya 32, kichwa huwa na baiti 12 siku zote, hata bila bafa za kuunganishwa. Usikate kwa mkono. Pima urefu wa kichwa kulingana na sifa mlizokubaliana, la sivyo siku pakiti itakapoletwa katika bafa tatu utaisoma theluthi yake na kuzitupa nyingine.

#8 Kokotoo

Maelezo ya #5 ni mazuri, ila nina hoja mbili. Ya kwanza, sioni haja ya kuumiza kichwa kuhusu aina za vizuizi. Weka kizuizi kamili kila mahali, tangaza vihesabu kuwa volatile (neno la lugha ya C), na ulale salama. Ya pili, umesema x86 peke yake. Je, umeijaribu draiva hiyo kwenye ARM, familia nyingine ya prosesa?

#9 Mzizi

Nikianza na ya pili: ndiyo, na nikaaibika. Kwenye ARM draiva ileile ilikuwa ikituma pakiti za zamani kana kwamba ni mpya. Wakati wa kutuma mimi huijaza deskripta, huandika namba yake kwenye duara, kisha hupandisha kihesabu. Kwenye x86 mwenyeji huyaona maandishi hayo matatu kwa mpangilio huohuo, mradi tu kikompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa amri za prosesa) hakijayapangua. Kwenye ARM hakuna ahadi hiyo. Mwenyeji aliweza kukiona kihesabu kimepanda huku nafasi ya duara ikiwa bado na namba ya mzunguko uliopita, akaichukua kwa nia njema na kuirusha pakiti ambayo nilishaiachia kumbukumbu yake. Kati ya kuandika duara na kupandisha kihesabu panahitajika kizuizi cha uandishi. Kwenye x86 kizuizi hicho ni agizo kwa kikompaila tu, hakizalishi amri yoyote ya prosesa. Kwenye ARM ni amri ya dmb.

Kuhusu volatile sikubaliani nawe. Volatile humfunga kikompaila asiondoe wala asipange upya masomo ya volatile yenyewe kwa yenyewe, lakini haimfungi prosesa, na wala haimzuii kikompaila kusogeza maandishi ya kawaida, kama yale ya kujaza deskripta, kupita andiko la volatile. Na kuweka kizuizi kamili kila mahali kungeficha uelewa wetu: anayesoma msimbo baadaye hawezi kujua ni kizuizi kipi kinacholinda nini, na siku akiondoa kimoja kwa ajili ya kasi ataondoa kile cha lazima. Mimi sasa naandika juu ya kila kizuizi sentensi inayotaja mwenzake wa upande wa pili.

Kuna mtego mwingine ambao sikuutegemea. Kerneli iliyokompailiwa kwa prosesa moja huwa na mazoea ya kuvigeuza vizuizi vya kati ya prosesa kuwa vya kikompaila tu, kwa mantiki kwamba hakuna prosesa nyingine ya kukosana nayo. Ndani ya mashine pepe mantiki hiyo ni ya uongo, kwa sababu mwenyeji anaendesha upande wake kwenye prosesa nyingine kabisa, ambayo mgeni haioni. Linux iliongeza mwaka 2016 kundi la vizuizi vinavyoanza na virt_ kwa ajili hiyo hasa, navyo hubaki na nguvu yake ya kati ya prosesa hata kwenye kerneli ya prosesa moja.

#10 Mlinzi wa Lango

Nimefuatilia uzi huu kwa makini, na ninaona kuna neno moja ambalo halijatajwa, nalo ni uaminifu. Mmeeleza pande mbili zinazopishana kwa bahati mbaya. Je, upande mmoja ukikusudia kudanganya?

Zamani wasiwasi ulikuwa wa mwenyeji tu, kwamba mgeni mbaya asije akatoroka. Mwaka 2015 ilifichuliwa VENOM, yenye namba CVE-2015-3456, katika msimbo wa QEMU unaoigiza kidhibiti cha diski laini, kifaa ambacho karibu hakuna aliyekuwa akikitumia tena. Mwaka 2019 ikaja CVE-2019-14835, nayo inagusa moja kwa moja mada yetu, kwa sababu ilikuwa ndani ya vhost-net. Kwa wasiojua, vhost-net ni ile sehemu iliyoingia Linux 2.6.34 mwaka 2010 ili foleni za virtio zihudumiwe ndani ya kerneli ya mwenyeji badala ya kupitia mchakato wa QEMU. Mashine pepe inapohamishwa kwenda mwenyeji mwingine ikiwa hai, kerneli huweka orodha ya kurasa za kumbukumbu zilizochafuliwa, yaani zilizobadilishwa, na mgeni mwenye mamlaka aliweza kutoa deskripta zenye urefu usio halali zikaifurisha bafa ya orodha hiyo ndani ya kerneli ya mwenyeji.

Kwa hiyo anayeandika upande wa mwenyeji asisahau kwamba mnyororo wa deskripta unaweza kuwa kitanzi kisicho na mwisho, na kwamba mgeni anaweza kuibadilisha deskripta baada ya kukaguliwa na kabla ya kutumiwa. Nakili kwanza, kagua nakala, tumia nakala. Na siku hizi hata mgeni anamshuku mwenyeji, hasa katika mashine pepe za siri ambazo kumbukumbu yake imesimbwa. Namba ya deskripta inayorudi kwenye duara la vilivyomalizwa lazima iwe ndogo kuliko ukubwa wa foleni, lazima iwe ya deskripta uliyoitoa kweli, na urefu uliotajwa usizidi urefu wa bafa. Ndugu Mzizi, draiva yako inakagua hayo?

#11 Mzizi

Ilikagua la kwanza tu. Sasa inakagua yote matatu, na kosa likipatikana hufunga foleni nzima badala ya kuirukia pakiti inayofuata. Shukrani.

#12 Ngamizi

Mimi si mwandishi wa kerneli, ni msimamizi wa mifumo, lakini nina kisa kinachofanana na hiki. Mashine pepe mbili ziko kwa mwenyeji mmoja. Moja inatoa anwani kwa DHCP, nyingine inaomba. Ombi linafika, jibu linatumwa, tcpdump (chombo cha kunasa pakiti) inaliona jibu likiingia, na mteja bado analalamika kwamba hajajibiwa. Nikiangalia kwa undani, tcpdump inadai kwamba cheksamu ya UDP (jumla ya kukagulia kama data imeharibika) si sahihi. Je, ni kadi inayoharibu pakiti?

#13 Mzizi

Hapana, hakuna kilichoharibika. Mgeni anayetuma amekubaliana na mwenyeji kwamba cheksamu itakamilishwa na kifaa, kwa hiyo anaacha kwenye sehemu ya cheksamu jumla ya kichwa bandia tu, anasimika bendera ya NEEDS_CSUM kwenye kichwa cha virtio, na kutaja pa kuanzia kuhesabu na pa kuandika jibu. Pakiti ikielekea kwenye waya halisi, kadi halisi huikamilisha. Ikielekea kwa mashine pepe jirani, haigusi waya popote, basi mwenyeji huipitisha ikiwa na bendera yake, na kerneli inayopokea hujua kwamba data iko salama kwa kuwa haikutoka nje ya kumbukumbu. Mteja wa DHCP wa aina ya zamani, kwa vile hana anwani bado, husoma fremu ghafi akiupita mfumo wa UDP wa kerneli, huhesabu cheksamu mwenyewe bila kujua habari za bendera, na huitupa pakiti nzima.

Tiba ziko mbili. Mteja anaweza kuiuliza kerneli kama cheksamu iko tayari, nao wateja wa kisasa hufanya hivyo. Au mwenyeji anaweza kulazimisha cheksamu ijazwe kwa lengo la CHECKSUM la iptables (chombo cha Linux cha kuchuja pakiti), ambalo liliongezwa kwa sababu ya tatizo hili. Kwa mwandishi wa draiva changa kuna njia ya tatu iliyo nyepesi: usikubali biti ya 1, yaani GUEST_CSUM, na mwenyeji atalazimika kukukabidhi pakiti zilizokamilika. Utapoteza kasi kidogo na kupata usingizi.

#14 Bafa Tupu

Niongeze upande wa kutuma, kwa kuwa mashindano ya #5 yako huko pia kwa sura nyingine, na wengi hurekebisha upokeaji wakadhani wamemaliza. Pakiti moja kubwa katika Linux inaweza kuwa na vipande 17, hivyo pamoja na kichwa na sehemu ya mwanzo huhitaji deskripta 19. Draiva ya virtio-net ya Linux husimamisha foleni ya kutuma nafasi zinapopungua chini ya idadi hiyo, kisha huomba igutuliwe mwenyeji atakapoachia nafasi. Endapo mwenyeji ataziachia zote kati ya kusimamisha na kuomba, hakuna katizo litakalokuja, na foleni itabaki imefungwa wakati ni tupu. Ndiyo maana baada ya kuomba, draiva hukagua tena, na ikikuta nafasi zimerudi huifungua foleni papo hapo. Mzizi, kumbuka ulisema kwamba wakati wa kukwama bado uliweza kutuma. Naamini ni kwa sababu mzigo wako ulikuwa wa kupokea.

#15 Mzizi

Umenishika. Draiva yangu ilisimamisha foleni na kuomba, haikukagua tena. Nimeujaribu mzigo wa kutuma jana usiku na ilijifunga ndani ya dakika kumi.

#16 Mwanagenzi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Toleo la 1.1 la mwaka 2019 lilileta foleni ya mtindo mpya, biti ya 34, yenye duara moja badala ya sehemu tatu. Je, nikihamia huko, mambo haya yote yanaondoka?

#17 Mzizi

Yanabadilika sura. Katika mtindo huo deskripta bado ni baiti 16, lakini pande zote mbili huandika juu ya deskripta zilezile, na badala ya vihesabu viwili kuna biti mbili za bendera, ya 7 na ya 15, zinazolinganishwa na alama ya mzunguko ambayo kila upande huigeuza unapofika mwisho wa duara. Faida yake ni kwamba prosesa hugusa mistari michache ya kashe (kumbukumbu yake ndogo ya haraka) kwa kila pakiti, na chuma halisi kinachotekeleza virtio husoma kumbukumbu mara chache zaidi kupitia PCI. Kizuizi cha uandishi sasa kinakaa kati ya kujaza deskripta na kuandika bendera zake. Kugutuana nako bado kunategemea namba inayosema nigutue ukifika hapa, safari hii ikiambatana na alama ya mzunguko, na bado unapaswa kuandika, kuweka kizuizi kamili, kisha kukagua tena kabla ya kulala.

Mimi nimebaki kwenye mtindo wa sehemu tatu kwa sasa. Marekebisho ya #5, #9 na #14 yote yamo, nimeondoa mistari yote ya kuchapisha, na mzigo wa kupokea na kutuma unaendeshwa kwa pamoja kwenye x86 na kwenye ARM. Leo ni siku ya sita. Kila saa nasoma zile namba mbili za #3 kupitia GDB, na kwa muda wote huo, mzigo unaposimamishwa, hakuna usomaji hata mmoja uliozikuta zikitofautiana.